Mume wangu anataka MG, mimi nataka BYD: lipi litatufaa Mtwara?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Shangani hapa Mtwara Mjini, na nina duka la dawa ambalo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya matumizi ya nyumba yetu. Mume wangu ni mtumishi wa umma. Gari letu la petroli limezeeka na haliishi gereji, kwa hiyo msimu huu, baada ya malipo ya korosho za mnadani kuingia, tulikubaliana tuliuze, tuongezee akiba yetu, tuagize gari la umeme. Makubaliano yetu yaliishia hapo.

Mimi nimelipenda BYD Atto 3 la mwaka 2023 ambalo linauzwa Japani likiwa limetumika kidogo. Mume wangu ameling'ang'ania MG ZS EV la mwaka 2020 lililoko Uingereza. Hoja zake ni tatu: lina sura ya gari la kawaida ambalo mtu hatalishangaa barabarani, jina la MG ni la siku nyingi, na tukijumlisha gharama zote kwa makadirio ya wakala, lake ni nafuu kuliko langu kwa karibu shilingi milioni kumi na mbili. Mimi ninamwambia kwamba langu ni jipya zaidi, ndani limependeza, lina paa la kioo na skrini inayozunguka. Naye hunijibu kwamba hatununui sebule.

Matumizi yetu ni haya. Siku za kazi gari linazunguka mjini tu: shule, dukani, Ligula, na mara nyingine Mikindani. Kila baada ya wiki mbili tunakwenda Newala kwa mama yangu na kwenye mikorosho yetu. Tunaondoka Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili jioni. Mpaka Mnivata tunatembea kwenye lami, lakini kutoka pale tunapita kwenye vumbi la ujenzi. Sikukuu huwapeleka watoto Msimbati. Dar es Salaam ninakwenda mara chache kununua dawa.

Nyumbani tuna LUKU ya kawaida na matumizi yetu ni madogo, kwani hatuzidi uniti 75 kwa mwezi. Umeme nao hukatika, jambo ambalo hunitia wasiwasi hata kwa ajili ya jokofu la dawa pale dukani. Naomba utusaidie kuamua, kwa sababu tumefika mahali ambapo tukianza mazungumzo ya gari, chakula kinapoa mezani.

Mwenye duka la dawa, Mtwara

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla ya kusema nani ana haki kati yako na shemeji, ni lazima niseme kwamba magari haya mawili mnayoyashindanisha si wapinzani wa haki. Jina la MG ZS EV limebandikwa kwenye magari yenye betri tofauti kabisa. Lile lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2019, ambalo ndilo la mwaka 2020 analolitaka shemeji, lina betri ya uniti 44.5 (uniti zile zile za LUKU, yaani kilowati-saa) na kwa kipimo cha Ulaya hutembea kilomita 263 kwa chaji moja. Mwishoni mwa mwaka 2021 liliboreshwa, likaja na betri ya uniti 72.6 inayofikisha kilomita 440, na baadaye ikaongezwa betri ndogo ya uniti 51 kwa kilomita 320. BYD Atto 3 la Japani unalolitaka lina betri ya uniti 58.56; la Ulaya lina uniti 60.48 na hupimwa kilomita 420. Kwa hiyo zile milioni kumi na mbili anazojivunia shemeji si punguzo. Ni bei ya betri ambayo gari lake halina.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo Newala. Kutoka Mtwara hadi Newala kwa njia ya Tandahimba ni karibu kilomita 140, yaani 280 kwenda na kurudi. Kipimo cha Ulaya hufanywa kwa utulivu ambao barabara zetu hazina: kiyoyozi hakifanyi kazi, hakuna abiria watano, hakuna magunia ya korosho kwenye buti. Kwa hali yetu ya joto na mzigo, ninashauri muhesabu uniti 18 kwa kila kilomita 100. Mjue pia kwamba Newala iko juu ya uwanda wa Wamakonde, na kulipandisha gari lenye uzito wa takribani tani mbili pamoja na abiria kwa mita mia saba kunakula kama uniti nne peke yake, ingawa wakati wa kushuka mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme huo kwenye betri. Safari nzima basi itahitaji kama uniti 52 hadi 54. BYD litaifanya na kurudi Shangani likiwa na akiba ndogo, tena bila kugusa umeme wa mama. MG la 2020 halitaweza, hata kama betri yake ingekuwa mpya, na betri ya mwaka 2020 si mpya.

Najua shemeji atasema kwamba mnalala Newala, hivyo gari linaweza kuchajiwa usiku. Ni kweli, linaweza. Soketi ya kawaida ya ukutani ikitoa ampea kumi hutoa kama kilowati 2.3, na kwa saa kumi na mbili mtapata zaidi ya uniti 25. Tatizo ni nyaya. Nyumba nyingi zilifungwa umeme kwa ajili ya taa, redio na simu, na soketi iliyounganishwa kwa waya mwembamba, ikibebeshwa ampea kumi usiku kucha, hupata joto mpaka plastiki yake inabadilika rangi. Anayetaka kuchaji kwa mama mkwe sharti kwanza amlipie mama mkwe fundi umeme, avute waya mnene kutoka kwenye meinswichi hadi kwenye soketi moja ya nje, na aweke swichi yake ya kujikata. Hata kwa BYD ningewashauri mfanye hivyo siku moja, kwa ajili ya dharura, lakini kufanya hivyo kwa hiari ni tofauti na kulala mkisali umeme usikatike ili muweze kurudi kazini Jumatatu.

Kuhusu sura, ambayo naona ndiyo iliyowasha moto, nitasema wazi kwamba kwa nje ninakubaliana zaidi na shemeji. MG la 2020 lina pua yenye wavu wa kupitisha hewa kama ndugu yake wa petroli, na tundu la kuchajia limefichwa nyuma ya nembo pale mbele, mahali panapofaa sana mtu anapoegesha gari akielekea ukutani. BYD limepambwa zaidi: nguzo ya nyuma ina michoro inayofanana na magamba ya joka, na taa zake za nyuma zimeunganishwa upana wote wa gari. Usanifu huo ulisimamiwa na Wolfgang Egger, Mjerumani aliyewahi kuongoza usanifu wa Audi, na kwa macho yangu alijizuia vizuri nje kisha akajiachia ndani. Matundu ya kiyoyozi yana umbo la vyuma vya mazoezi, na kwenye mifuko ya milango kuna nyuzi nyekundu zinazolia kama za gitaa ukizikwaruza. Watoto wako watatu watazikwaruza kutoka Shangani hadi Nanyamba, na vumbi la njia ya Newala litajaa kwenye mifuko hiyo mahali ambapo mkono hauingii vizuri na kitambaa. Paa la kioo unalolipenda lina pazia lake la ndani. Mwezi wa kumi na moja saa saba mchana utalifunga, na utalisahau likiwa limefungwa. Skrini inayozunguka nayo inavutia siku za mwanzo, kisha kila mtu huiacha imelala.

Mambo ya ndani ambayo ningeyahesabu kuwa na thamani ni mengine. BYD lina kamera zinazoonyesha pande zote, nafasi ya miguu ya nyuma inayotosha watu wazima, na sakafu isiyo na nundu katikati. Buti za magari yote mawili zinakaribiana, moja lita 440 na jingine 448, kwa hiyo hapo pasiwe na ugomvi. Kwa usalama wakati wa ajali, yote mawili yalipewa nyota tano na Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, MG mwaka 2019 na BYD mwaka 2022. Mifumo ya kulirudisha gari kwenye mstari wa njia yake ipo kwenye BYD na kwenye baadhi ya MG, nayo hutegemea mistari iliyochorwa. Kwenye barabara isiyo na mistari haina la kufanya, na kwenye mistari iliyofutika nusu huweza kuvuta usukani wakati usiotaka. Mtajifunza kuizima.

Uwazi wa chini ni jambo la kuangalia kwa makini kuliko skrini. BYD lisipokuwa na mzigo liko karibu milimita 175 kutoka ardhini, na MG karibu 160. Tofauti hiyo ni ya upana wa kidole, lakini chini ya magari haya betri ndiyo sakafu, na kwenye mchepuko wa ujenzi wenye tuta la kifusi katikati, kidole hicho kina maana. Yote mawili huvuta kwa magurudumu ya mbele pekee. Kwa hiyo Msimbati mtaegesha mahali ambapo ardhi bado ni ngumu, mtembee kwa miguu hadi ufukweni. Msishawishike kufuata nyayo za magari yanayovuta magurudumu manne. Maji ya chumvi na mchanga havina urafiki na soketi za umeme chini ya gari. Pia ulizeni habari ya tairi la akiba, kwani magari haya kwa kawaida huja na pampu na dawa ya kuziba tundu tu, na dawa hiyo haisaidii tairi lililochanika ubavuni. Nunueni rimu na tairi moja la ziada, hata kama litakula nafasi kwenye buti.

Sasa betri yenyewe, ambako BYD linanishawishi zaidi ya mahali pengine pote. Kampuni hii ilianza Shenzhen mwaka 1995 kwa kutengeneza betri, magari yakafuata baadaye, na betri ya Atto 3 ni ya aina ya chuma na fosfeti, ambayo huvumilia joto na kujazwa hadi mwisho mara kwa mara bila kuchakaa haraka. Betri ya MG la 2020 ni ya nikeli, manganizi na kobalti. Ni nzuri na nyepesi, lakini ushauri wa kawaida kwa aina hiyo ni kuiacha asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku na kuijaza yote unapokuwa na safari tu. Ukichukua asilimia 80 ya betri ambayo tayari ni ndogo, katika mji wenye joto la mwaka mzima kama wetu, unaona jinsi nafasi inavyobana.

Hata hivyo BYD lako la Japani lina mtego wake, na wakala wako angepaswa kukueleza. Atto 3 zinazouzwa Uingereza, Australia au Thailand zina tundu la kuchajia la Ulaya. Za Japani zina matundu ya Kijapani: la aina ya kwanza kwa umeme wa nyumbani, na lile la CHAdeMO kwa chaja za kasi. Nyumbani si tatizo kubwa, kwa sababu unanunua chaja ya ukutani yenye kichwa kinacholingana na tundu hilo, na waya wa safari vivyo hivyo. Tatizo linaweza kuja siku mtakapokuta chaja ya kasi iliyofungwa kwa mtindo wa Ulaya. Kwa matumizi uliyonieleza, ambayo karibu yote yanaanzia na kuishia Shangani, ninaona kasoro hiyo inavumilika. Ila ukipata Atto 3 la Uingereza au Thailand kwa bei inayokaribiana, chagua hilo. Lisikukute pia tangazo la Yuan Plus kwa bei ya kutupa: hilo ni gari lile lile kwa jina linalotumika China, lakini usukani wake uko kushoto na tundu lake ni la Kichina.

Tuje kwenye umeme wa nyumbani. Uliposema hamzidi uniti 75 kwa mwezi, bila shaka mko kwenye daraja la D1, la watumiaji wadogo, ambako uniti mnaipata kwa shilingi 122 pamoja na kodi na tozo. Gari litawatoa huko. Mkianza kuchaji mtahamia daraja la T1, na uniti itakuwa karibu shilingi 356, si ya gari tu bali na ya taa na feni pia. Safari mbili za Newala pamoja na mizunguko ya mjini ni kama kilomita 1,000 kwa mwezi. Tukiongeza umeme unaopotea wakati wa kuchaji, tuseme uniti 200, ambazo ni shilingi 71,200, na zile 75 za nyumbani zitapanda kutoka shilingi 9,150 hadi 26,700. Jumla haifiki laki moja. Gari la petroli linalokwenda kilomita kumi kwa lita lingekula lita 100, na tukikadiria shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni laki tatu, bila kuhesabu umeme wa nyumba. Kwa hiyo kubanwa na petroli kunaisha kweli, ila msije mkashtuka mwezi wa kwanza mtakapoona LUKU inakwisha kwa mwendo msiouzoea.

Kabla gari halijafika, mwiteni fundi umeme mwenye leseni apime ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Chaja nyingi za magari hukataa kabisa kufanya kazi zikikosa ethi nzuri, na katika mchanga mkavu wa pwani yetu, fimbo moja fupi iliyopigwa miaka kumi iliyopita mara nyingi haitoshi. Huenda zikahitajika mbili au tatu, zipigwe kwa kina na ziunganishwe. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 hulijaza BYD kwa usiku mmoja. Soketi ya kawaida huhitaji zaidi ya siku nzima kuijaza betri tupu, ingawa kwa mizunguko ya mjini ya kilomita ishirini au thelathini, saa chache zinatosha. Muweke na kinga ya umeme unaopanda ghafla, maana hatari kubwa kwa vifaa huwa ule muda umeme unaporudi.

Kuhusu jokofu la dawa, BYD linaweza kutoa umeme wa kuendesha vifaa vya nyumbani, na MG la 2020 haliwezi. Uwezo huo ulikuja na MG lililoboreshwa. Jokofu dogo la dawa kwa gari hilo si mzigo. Ila kifaa cha kutolea umeme kwenye gari la Japani si sawa na cha lile la Ulaya, hivyo usinunue adapta mtandaoni kabla ya kujua tundu la gari lako. Na gari likiwa Newala, duka halina umeme huo, kwa hiyo betri ndogo ya dukani yenye inveta bado itahitajika.

Dar es Salaam ni karibu kilomita 560, na hakuna kati ya magari haya litakalofika kwa chaji moja. Kulala njiani na kuchaji saa kumi kwenye soketi ya nyumba ya wageni kutawapa kilomita mia moja na kitu. Pia sote tunakumbuka Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kule Somanga na watu wakakwama. Pandeni basi au ndege kwa safari hizo, na mizigo ya dawa iletwe kama inavyoletwa sasa.

Kwa hiyo kati ya magari mawili mliyonionyesha, chukueni BYD. Kabla ya kutuma fedha, mwombe muuzaji picha ya tundu la kuchajia likiwa wazi, taarifa ya afya ya betri iliyosomwa kwa kifaa, na video fupi akibadilisha lugha ya skrini kuwa Kiingereza. Kisha hakikisha makadirio ya kodi kwenye kikokotoo cha TRA mwenyewe, kwa kila gari peke yake, badala ya kutegemea jumla ya wakala. Muuzaji akisitasita kutoa hivyo vitu vitatu, mwacheni, na hapo mpe shemeji nafasi atafute MG lile lililoboreshwa lenye betri ya uniti 72.6. Lina pua isiyo na wavu, linafika Newala na kurudi, na akilipata kwa bei isiyozidi ya BYD, sitakuwa na pingamizi nalo.